Gmail ya duka na ya kikoba kwenye Firefox moja, bila kuchanganyana

Shangazi yangu anauza khanga Ngamiani, hapa Tanga, na ndiye mweka hazina wa kikoba chao. Ana Gmail mbili. Mwezi uliopita orodha ya marejesho ya kina mama ilimfikia muuza khanga wa jumla, kwa kuwa shangazi aliiandika akiwa kwenye akaunti ya duka. Deni la mtu ni siri yake. Nilifunga safari siku hiyohiyo.

1. Weka kivinjari cha Firefox kwenye kompyuta. Kwenye simu ya Android njia hii haifanyi kazi.

2. Ongeza nyongeza (programu ndogo ya kuongeza uwezo wa kivinjari) iitwayo Firefox Multi-Account Containers. Chukua hiyo ya Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox, si nyingine.

3. Bofya alama yake, tengeneza kontena mbili: Duka, kijani, Kikoba, chungwa. Kila kontena lina vidakuzi vyake (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari ili zikutambue), ndiyo maana Gmail ya huku haiijui ya kule.

4. Shikilia alama ya kujumlisha ya kufungulia kichupo kipya, chagua kontena, ingia kwenye akaunti yake.

5. Hapa ndipo tulipokesha. Nyongeza inakuruhusu kuagiza tovuti ifunguke siku zote kwenye kontena fulani. Kwa benki ni jambo zuri sana. Kwa Gmail, kama una akaunti mbili, usithubutu! Shangazi alikuwa ameagiza mail.google.com, yaani anwani ya Gmail, ifunguke siku zote kwenye Kikoba, kisha ukurasa wa kuuliza itumike kontena ipi ulipotokea akaweka tiki ya kukumbuka jibu. Tangu hapo haukumuuliza tena. "Mwanangu, mbona kila nikifungua ya duka yaja ya kikoba?" Tukafuta vidakuzi, tukabadili nywila. Yote bure. Dawa yake: bofya alama ya nyongeza, ingia "Manage Containers", chagua Kikoba, kisha "Manage Site List", ufute mail.google.com. Angalia pia accounts.google.com, kwa kuwa kuingia kunapitia huko na inahesabiwa kama tovuti nyingine. Ukiacha moja, utazungushwa vilevile.

6. Kabla ya kutuma, tazama rangi ya kichupo.

Kontena hazitenganishi kila kitu. Historia, alamisho na nywila zilizohifadhiwa ni za pamoja, kwa hiyo mpwa akikalia kompyuta hiyo anaviona vyote. Kama watumiaji ni wawili, mpe kila mtu wasifu wake (profile), yaani sehemu yake ya peke yake ndani ya kivinjari. Chrome nayo inao, na kila wasifu una historia na nywila zake. Hata hivyo, wasifu hauna kufuli, anayeketi anaweza kuufungua wa mwenzake. Wasiofahamiana vizuri watenganishwe kwa akaunti za kompyuta yenyewe.

Dirisha la faragha silipendekezi kwa kazi hii. Madirisha hayo yote hutumia vidakuzi vya pamoja, na ukiyafunga yote unaanza kuingia upya.

Ukifuta kontena, utatolewa kwenye akaunti zilizokuwa ndani yake. Barua zenyewe hazipotei.