Kisumu: mchague samaki kabla hajaingia kwenye mafuta

Nimejifunza hili baada ya kuletewa ngege (tilapia) wa ukubwa wa kiganja kwa bei ya samaki wa watu wawili. Ukiagiza samaki hotelini, usikae ukingoje sahani. Inuka uende kwenye beseni, mchague mwenyewe na mkubaliane bei akiwa bado mbichi. Samaki huuzwa kwa ukubwa, na akishakaangwa hujikunja, kwa hiyo wa shilingi 500 na wa 700 huwezi kuwatofautisha kwa macho. Mfunue shavu: matamvua yawe mekundu, yakiwa ya kijivu, mrudishe. Mbonyeze ubavuni kwa kidole, shimo likibaki, huyo kalala sana. Uliza pia kama ugali na sukuma (mboga ya majani) viko ndani ya bei hiyo. Mhudumu akinuna, mwache anune.

Haisaidii kama samaki ameganda kwa barafu, maana hata kidole hakiingii, wala pale ambapo wameshakaangwa na kupangwa kwenye kabati la kioo. Na usijaribu ukiwa na haraka ya saa saba mchana: utangoja nusu saa hivi.