Namna ya Kuiadhimisha Siku ya Mashujaa katika Familia Iliyopoteza Askari

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na kwa kuwa siku hiyo si ya mapumziko, wakazi wengi wa Dar es Salaam huisikia redioni wakiwa ndani ya daladala na kuendelea na shughuli zao. Maelekezo haya ni kwa familia ambayo haiwezi kuipita hivyo, hasa kwa kijana anayejua tu kwamba baba yake mkubwa au babu yake alifia vitani na hajui zaidi ya hapo. Kumbukumbu ya mashujaa wote haimgusi mtu mpaka awe na jina moja analolifahamu vizuri.

Anza mapema, ikiwezekana mwezi Juni, kwa kumwendea mzee anayemkumbuka marehemu, na umwombe ruhusa kabla ya kuuliza chochote, kwa sababu wapo wajane ambao hawajawahi kuulizwa na wapo wasiotaka kuulizwa, anayekataa aachwe. Anayekubali usimwanzie na vita. Muulize kwanza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alimtania nani, alipenda kula nini na aliagaje siku ya kuondoka. Kisha uliza kikosi chake, cheo chake, namba yake ya jeshi, na mwisho uliza habari ya kifo ilifikaje nyumbani, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukumbuka mambo ambayo hawakuwahi kuyasimulia. Barua, picha na vyeti vilivyomo sandukuni vipige picha kwa simu papo hapo, na mwenyewe aendelee kuvitunza. Andika yote katika daftari moja.

Baada ya hapo tambua ni vita gani. Ikiwa ni Vita ya Kagera, weka habari zake ndani ya mfululizo wa matukio yanayojulikana: uvamizi wa majeshi ya Idi Amin mwezi Oktoba 1978, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita ya tarehe 2 Novemba, na kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa askari wa Tanzania waliokufa katika vita hiyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, na familia inayoweza kumudu nauli ifunge safari hiyo angalau mara moja, hata kama haitafika tarehe 25 yenyewe. Ikiwa ni mlinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, kama wale waliouawa katika kambi ya Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, majonzi bado ni mabichi; mjane na watoto ndio waamue lifanyike nini, na ndugu wengine wafuate.

Ugumu upo kwa wale waliokufa katika vita vya wakoloni. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia watu wa nchi hii walipigana pande zote mbili, kwa Wajerumani na kwa Waingereza, na wengine wengi walichukuliwa kubeba mizigo na wakafa kwa maradhi na njaa bila kushika bunduki. Katika Vita ya Pili vijana wa Tanganyika walipelekwa hadi Burma. Wapo wanaoona kuwa watu hao hawastahili kukumbukwa kwa kuwa hawakuipigania nchi yao. Mimi sikubaliani nao: anayekumbukwa na familia ni mtu, si mfalme aliyemtuma. Hata hivyo mweleze mtoto ukweli wote, pamoja na kwamba wengi hawakuwa na hiari.

Mahali pa kumwelezea hayo ni Mnara wa Askari jijini Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927 katika makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Azikiwe. Maandishi yake, ambayo yako pia kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa, ilhali juu ya mnara wote hakuna hata jina moja la askari wala mpagazi. Majina mengine yamo katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana kwenye intaneti, lakini usikate tamaa ukilikosa la kwenu: mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Kwa hiyo daftari lako linaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo. Tume hiyo pia hutunza makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Huko si mahali pa kujipiga picha za kujionyesha.

Siku yenyewe ikifika, angalia kwanza kumbukumbu ya kitaifa inafanyika wapi, kwa kuwa haifanyiki tena kila mwaka Mnazi Mmoja, na mara kadhaa imefanyika Dodoma. Ukiitazama kwenye televisheni, waonyeshe watoto kwamba pamoja na shada la maua huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale na shoka, silaha za waliopigana kabla ya kuwapo jeshi hili la leo. Jioni isomwe dua au ifanyike sala kwa dini ya marehemu, si kwa dini ya mwenye nyumba. Kisha mtoto mmoja asome kurasa mbili tatu za daftari kwa sauti, na wakubwa wasimkatize.

Ndani ya wiki hiyo hiyo mrudie mzee aliyekusimulia, umsomee daftari lote, usahihishe pale atakapokukosoa, kisha umwachie nakala.