Jinsi ya kusoma vitabu vya Supernatural ukiwa Dar bila kuvurugwa

Najua mko wengi mjini hapa mlioiangalia Supernatural kwa flashi, ile sizoni ya Kimarekani ya Sam na Dean, ndugu wawili wanaowinda mapepo, unaenda kwa jamaa wa kibanda cha muvi unamwambia niwekee sizoni ya kwanza mpaka ya tano, wiki mbili umemaliza umerudi tena kwake, mpaka siku unafika episodi ya 327 ndo unagundua hamna nyingine, sizoni 15 zimeisha, umekaa kwenye kochi unaangalia ukuta. Mi ile hali ilinitesa sana. Kilichonitoa ni vitabu, maana kuna riwaya zaidi ya 15 za Sam na Dean ambazo ni stori mpya kabisa, hazijawahi kuonyeshwa kwenye TV, na ukiacha riwaya kuna daftari la baba yao, kuna kitabu cha mzee Bobby, mwindaji mwenzao, kuna vya picha. Lakini nimeshaona watu wengi wanakianza kitabu vibaya, wakifika ukurasa wa 40 wanakitupa wanasema hakifanani na sizoni, na wengi wao tatizo wala sio kitabu, wamekisoma wakati sio wake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla hata hujasoma nyuma ya jalada, fungua kurasa za mwanzo pale penye maandishi madogo madogo ya haki miliki utafute MWAKA. Kitabu cha namna hii kinajua yale tu ambayo sizoni ilikuwa imeshayaonyesha wakati kinaandikwa. Mwandishi hawezi kujua mwaka kesho wataleta mhusika gani au watamuua nani. Ukishaujua mwaka unajua kitabu kinasimama wapi, afu unakisoma kwa amani.

Mfano ambao mi mwenyewe ulinikuta ni John Winchester's Journal, kaandika Alex Irvine, kimetoka 2009. Hili ndo lile daftari la ngozi ambalo kina Dean wanatembea nalo toka episodi ya kwanza, John, baba yao, anaandika baada ya mkewe Mary kufariki tarehe 2 Novemba 1983 kule Lawrence, Kansas. Sasa mi nilikuja kulisoma nikiwa nimeshamaliza sizoni ya 8, ile ya 2013 ambayo babu yao Henry anatokea na ile jamii ya siri ya Men of Letters na tunaambiwa daftari lenyewe kumbe lilianzia kwake. Nikawa nasoma nakasirika, mbona hamna Henry, mbona hamna chochote cha hao watu wake, nikaona mwandishi kaharibu, nikakiweka juu ya kabati karibu mwaka mzima. Siku nakifuta vumbi ndo macho yakatua kwenye 2009. Miaka minne kabla! Yani huyo Henry alikuwa bado hajatungwa hata. Nikaanza upya siku ileile, na safari hii nikamuona John mwenyewe, baba wa watoto wawili wadogo aliyefiwa, anajifunza kazi ya kuwinda mapepo mdogo mdogo. Kwenye sizoni tunamuona John mkali, anaamrisha, anapotea, hatukai naye kichwani. Humo unakaa naye kichwani kitabu kizima. Kama utasoma kimoja tu katika vyote basi naomba kiwe hiki, na kisome ukiwa bado na sizoni ya 1 na ya 2 kichwani.

Haya, riwaya sasa. Tatu za mwanzo zilitoka 2007 na 2008, na hapo mashabiki wa Castiel nawaomba mnisikilize vizuri: yule malaika Castiel ameingia mwanzo wa sizoni ya 4, Septemba 2008, kwa hiyo humo hayumo, usimtafute. Ni Sam na Dean wawili tu, gari na barabara, kesi moja mwanzo mwisho kama sizoni zilivyokuwa zamani. Nevermore ya Keith R. A. DeCandido ndo ya kwanza kabisa, ipo ndani ya sizoni ya 2, inawapeleka Bronx, New York, kuna mtu anaua watu kwa kufuata stori za Edgar Allan Poe, yule mwandishi wa zamani wa hadithi za kutisha. Mi naipenda kwa sababu DeCandido ni mtoto wa Bronx, ule mtaa anaujua, na Poe kweli aliishi kule miaka yake ya mwisho, nyumba yake ipo mpaka leo watu wanaitembelea. Ni kama mtu wa Magomeni aandike stori ya jini la Magomeni, utaona tu kwamba huyu hajaenda kuangalia ramani, kakaa pale. Halafu kuna Witch's Canyon ya Jeff Mariotte, Arizona jirani na Grand Canyon, mauaji yanayorudi kila baada ya miaka 40. Hii sikuipenda sana, inachelewa kuchangamka, ila mapumziko ya wikiendi inatosha. Bone Key ni DeCandido tena, sizoni ya 3, ipo Key West kule Florida, na jina la kitabu linatoka kwenye jina la zamani la Kihispania la kile kisiwa, Cayo Hueso, yaani kisiwa cha mifupa. Sisi watu wa pwani hii tutaielewa vizuri, kisiwa kidogo, bahari, watalii mchana, mizimu usiku, ukisoma unawaza Zanzibar tu.

Kuanzia 2010 riwaya zikahamia kwa wachapishaji wa Uingereza, Titan, na hapo zikawa nyingi. Heart of the Dragon, DeCandido tena, sizoni ya 5, Castiel yumo, na inaruka miaka: kuna sehemu ya babu yao mzaa mama miaka ya 60, kuna ya John miaka ya 80, kuna ya vijana wenyewe, wote wanapambana na kitu kilekile San Francisco. The Unholy Cause ya Joe Schreiber ni ya watu wanaoigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani afu damu inaanza kumwagika kweli, fupi na ina mbio sana. War of the Sons ya Rebecca Dessertine na David Reed inawarudisha mpaka 1954 kwenye mambo ya zile hati za Bahari ya Chumvi, maandiko ya kale ya Kiyahudi, na hapa naomba niseme kidogo maana hii ndo raha ya vitabu: mwaka huo kweli, Juni 1954, hati nne za Bahari ya Chumvi zilitangazwa kuuzwa kwenye gazeti la Wall Street Journal, tangazo dogo tu katikati ya matangazo mengine, zikanunuliwa kwa dola 250,000. Mi nilidhani ni mambo ya kutunga, nikaenda kutafuta, nikakuta ni historia kabisa, ikabidi nirudie kitabu kizima upya.

Afu kuna One Year Gone, Dessertine peke yake, 2011. Hii inakaa katikati ya sizoni ya 5 na ya 6, ule mwaka Dean anaishi na mpenzi wake Lisa na mtoto wa Lisa, Ben, mwaka ambao kwenye TV tunarushwa tu tukiambiwa umepita. Ukiisoma kabla ya kumaliza sizoni ya 5 umejiharibia mwisho mzito kuliko yote, chonde chonde usifanye hivyo. Ukimaliza ya 5, simamisha, soma hiki, ndo uende ya 6. Nimemfanyia hivyo mdogo wangu wa kike, nilimficha flashi mpaka alipomaliza kitabu, alinuna siku tatu, baadaye akanishukuru mwenyewe.

Kama hujafika sizoni ya 7 aya hii iruke. Bobby Singer's Guide to Hunting ya David Reed ilitoka 2011, na kwenye TV sizoni ya 7 iliyoanza mwaka huohuo ndo wakamuua mzee wetu. Kitabu ni Bobby mwenyewe anaandika haraka haraka kila anachokijua kwa sababu kumbukumbu zinamponyoka. Huyu Reed alishachangia na stori ya episodi moja ya sizoni ya 5, kwa hiyo sauti ya Bobby anaijua, ule ukali wa mzee mwenye huruma ndani. Kisome ukiwa umeshamzika. Kuna wanaosema bora kabla, mi nakataa, baada ya msiba ndo kila mstari unakuwa kama barua.

Riwaya nyingi za Titan mwanzoni zina mstari au miwili inayokwambia stori ipo sizoni ya ngapi, kati ya episodi gani na gani. Watu wanaruka huo ukurasa. Usiruke. Chukua penseli andika juu ya ukurasa wa kwanza, S6 au S7 au yoyote, ukimwazima mtu asihangaike.

Sasa kuvipata hapa Dar. Vipya kwenye maduka yetu sikushauri uzunguke sana, ukienda duka la vitabu la TPH pale Samora utapata hazina ya vitabu vya kwetu na utatoka na kitu kizuri, ila sio hiki. Chimbo ni mtumba, wale wanaotandika maeneo ya Posta na Kariakoo, na siri ni moja, usimtajie muuzaji jina. Ukimwambia nataka Supernatural atakuletea vitabu vya dini, vya miujiza na kufukuza mapepo, maana vya hivyo vipo vingi na vina neno hilohilo kwenye jalada, wala sio kosa lake. Weka picha ya jalada kwenye simu umwonyeshe. Mi nilimkuta mzee mmoja nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba uniangalizie kama hiki." Akakitazama kitambo, akasema, "Marahaba mwanangu, hawa vijana wawili na gari jeusi? Pita Ijumaa." Ijumaa nikakuta kakiweka chini ya turubai, Night Terror ya John Passarella, kona zimeliwa kidogo ila kurasa zote zipo. Akataka elfu nane, tukamalizana elfu tano. Toka hapo nikawa namwachia picha tano tano na namba yangu, na yeye akipokea mzigo ananipigia. Jenga uhusiano na muuzaji mmoja, kuzunguka kwa kumi utachoka bure. Na kabla hujalipa hesabu kurasa za mwisho, mtumba una tabia ya kukosa kurasa 10 za mwisho, na hamna kitu kinauma kama kesi isiyo na mwisho.

Njia nyingine ni simu. Riwaya nyingi zipo kwa mfumo wa kielektroniki, unasoma kwenye programu, na unaweza kulipia kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni yako ya simu, huhitaji kuwa na akaunti ya benki. Tafuta kwa jina la mwandishi pamoja na jina la kitabu, lile jina la sizoni peke yake litakuletea takataka elfu. Kuagiza karatasi toka nje inawezekana ila nauli ya mzigo inaweza kuzidi bei ya kitabu mara mbili, kwa hiyo mkiwa watatu wanne agizeni kwa pamoja, au mwombe ndugu anayerudi, riwaya mbili ni nyepesi hata shangazi hatolalamika. Mi niliwahi kuagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni nikaletewa kitabu cha mwongozo wa sizoni badala ya riwaya, kwa hiyo siku hizi natuma ISBN, ile namba ya nyuma ya jalada, jina peke yake silitumi.

Ile miongozo rasmi ya sizoni, aliyoandika Nicholas Knight, ni ya kwenda kwa mpangilio wa episodi, mahojiano na picha, sio stori. Nzuri kwa anayetaka kujua muvi zinatengenezwaje. Vile vya katuni kama Origins ya 2007 ni stori ya John akianza kuwinda, ila angalia mwaka tena, vinagongana na mambo yaliyokuja baadaye, visome kama stori ya pembeni.

Kiingereza kisikutishe. Daftari la John ndo jepesi kuanzia kwa sababu limegawanyika kwa tarehe, unasoma tarehe mbili tatu kwenye foleni ya Mbagala unafunga. Kwenye mwendokasi la Kimara asubuhi usijaribu, utakichana. Bobby ndo mgumu, anaongea Kiingereza cha mtaani cha huko kwao, mwachie mwisho.

Na mkishavipata mvitunze, Dar ina unyevu, masika yakiingia Machi ukungu unapanda kwenye kurasa kabla hujajua. Usivifunge kwenye mfuko wa nailoni, vinatokota humo ndani, viache vimesimama kabatini vipate hewa, mbali na ukuta unaolia maji, na mara moja moja uvianike kivulini kurasa zikiwa wazi, jua kali linakausha gundi ya mgongo na kurasa zinaanza kutoka moja moja. Bone Key yangu ilitoka hivyo kurasa 30 za katikati, nimezibana na klipu. Kama kuna mwenye nakala nzima yuko tayari kubadilishana, mi ninazo The Unholy Cause mbili.