Kuweka barua pepe ya chuo kwenye Thunderbird kabla ya kwenda kwenye utafiti

Kila mwaka, wanafunzi wa hapa Iringa wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha au kukusanya data, huniletea kompyuta zao niwawekee barua pepe ya chuo. Wengi wamezoea kuisoma kwenye kivinjari, na mjini hilo halina shida. Shida humpata aliyepangiwa kijiji cha Makete au Ludewa ambako mtandao huja na kuondoka, naye anahitaji kusoma maoni ya msimamizi wake usiku huohuo. Thunderbird, programu ya bure ya Mozilla, huhifadhi nakala za barua ndani ya kompyuta, hivyo unaweza kuzisoma na kuzijibu hata bila mtandao, mradi uiweke vizuri ungali chuoni.

Anza kwa kuuliza. Nenda ofisi ya TEHAMA ya chuo chako ujue barua zenu zinahifadhiwa kwenye seva (kompyuta inayotunza barua) ya chuo, kwa Google au kwa Microsoft, na kama IMAP, njia inayoiwezesha programu kusoma barua huku zikibaki kwenye seva, imeruhusiwa kwa akaunti za wanafunzi. Anwani kuishia na .ac.tz hakukuambii lolote kuhusu hilo.

Hatua ya pili ni kuangalia saa ya kompyuta, jambo ambalo wengi hulipuuza. Kompyuta nyingi zinazonifikia ni za mitumba, na ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa imekwisha, kwa hiyo kila ikizimwa tarehe hurudi miaka mingi nyuma. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani leo ni Januari 2015 itakikataa cheti cha mwaka huu kwa sababu, kwa hesabu yake, muda wake haujaanza. Onyo la cheti likitokea, usibofye kukubali ili mradi lipite, kwa maana unaweza kuwa unamkabidhi mtu mwingine nywila yako. Rekebisha tarehe na saa kwanza, kisha ujaribu tena.

Sasa pakua programu kutoka thunderbird.net, uisakinishe, halafu ujaze jina lako kamili, anwani yote ya barua pepe na nywila. Programu itatafuta mipangilio yenyewe. Ikiipata, hakikisha imechagua IMAP na si POP3.

Hapa naomba utulie nami kidogo. POP3 hushusha barua kwenye kompyuta moja, na kwa kawaida Thunderbird ikitumia POP3 huziacha kwenye seva kwa siku 14 tu, kisha huzifuta huko. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimwekea POP3 dada mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu ya uzamili, bila kumweleza. Baada ya miezi michache diski yake iliharibika, na tulipofungua barua zake kwenye kivinjari tukakuta za wiki mbili za mwisho peke yake. Maoni yote ya sura ya tatu yalikuwa yamepotea. Tangu siku hiyo sijamwekea mwanafunzi yeyote POP3. Kwa IMAP barua hubaki kwenye seva, na kompyuta na simu yako huona kisanduku kilekile.

Mipangilio isipopatikana, ijaze mwenyewe. Barua zinazoingia hutumia IMAP, poti (namba ya mlango wa seva) 993, kwa SSL/TLS, njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani. Zinazotoka hutumia SMTP, njia ya kutuma barua, poti 587 kwa STARTTLS (njia nyingine ya kuficha mawasiliano), au 465 kwa SSL/TLS. Jina la mtumiaji aghalabu ni anwani nzima. Kwa Google, seva ni imap.gmail.com na smtp.gmail.com, kwa Microsoft ni outlook.office365.com na smtp.office365.com. Kwa zote mbili chagua OAuth2 kama njia ya uthibitishaji, kisha uingie kwenye dirisha litakalofunguka. Dirisha hilo likidai idhini ya msimamizi wa mfumo, huna cha kurekebisha kwenye kompyuta yako. Irudie ofisi ya TEHAMA.

Ili kulinda bando, fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya "Synchronization & Storage", uweke ishushe barua za siku 90 zilizopita na uzuie zile kubwa kupita kiasi. Kumbuka kwamba barua zilizozuiwa hazitakuwapo ukiwa nje ya mtandao, kwa hiyo rasimu uliyorudishiwa na msimamizi ihifadhi mwenyewe kwenye folda kabla ya kusafiri.

Mwisho, jaribu. Jitumie barua, iache programu wazi mpaka barua zote zishuke, kisha ubofye alama ndogo ya mtandao iliyo pembeni chini kushoto ili ifanye kazi nje ya mtandao. Ifungue ile barua, uijibu. Jibu litakaa kwenye folda ya "Outbox". Bofya alama ileile kurudi mtandaoni, na programu ikikuuliza kama itume barua zinazosubiri, kubali. Ukiwa kijijini utafanya hivyohivyo kila unapopata mtandao, na usifunge kompyuta kabla "Outbox" haijawa tupu.