Kumvua Sangala kwa Mshipi katika Maji ya Kigoma

Mtu anayetaka kumvua sangala kwa mshipi, kwa burudani na si kwa biashara, hana budi kuanza kwa kumjua dagaa. Sangala wa Ziwa Tanganyika ni ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria, ila wetu ni mwenyeji wa asili, ilhali yule wa Mwanza alipandikizwa katika miaka ya 1950. Jina hilo moja hubeba zaidi ya aina moja ya samaki: wapo wanaokaa chini karibu na miamba, na wapo wanaowinda katika maji ya wazi pamoja na mgebuka, ambaye ni wa ukoo huohuo ingawa ni mdogo. Wawindaji wa maji ya wazi humfuata dagaa popote aendapo, na mvuvi mwenye busara huwafuata wote wawili.

Kalenda ya kazi hii, kwa hiyo, ni mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, zamani kwa karabai na siku hizi zaidi kwa taa za betri na sola, na mbalamwezi inapokaribia kukamilika hupumzika, kwa kuwa taa zao hazina tena nguvu ya kuwakusanya samaki. Panga safari yako katika siku za giza. Asubuhi moja kabla ya safari, nenda Kibirizi, mwalo wa wavuvi karibu na mji wa Kigoma, wakati vyombo vinaporudi, uwaamkie wazee kwa shikamoo, kisha uulize dagaa walionekana upande gani na kama mgebuka waliingia wavuni pamoja nao. Mgebuka wakiwa wengi, jua kwamba wawindaji wamekwisha kulipata kundi. Majibu ya dakika kumi ufukweni yana faida kuliko chambo chochote cha gharama, na mimi sijaona mgeni aliyefanikiwa kwa kuyapuuza.

Usidanganywe na sifa ya kina cha ziwa. Ni kweli kwamba linafika mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni imo katika tabaka la juu tu, la kama mita 100 hadi 200, na chini ya hapo samaki hawaishi. Mahali pa kutafuta ni pale ambapo miamba ya pwani inakatika na sakafu inateremka ghafla, na nje ya ghuba ya Kigoma mteremko huo uko karibu na nchi kavu kiasi kwamba huhitaji kwenda mbali. Pita sambamba na ukingo huo alfajiri, kabla jua halijapanda, kisha tena jioni.

Njia inayofaa zaidi ni ile ambayo watu wa pwani ya bahari huiita kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda polepole, kama kilomita tano hadi saba kwa saa. Tumia fimbo fupi yenye nguvu, mshipi wa kuhimili kilo 15 hadi 20, na chambo bandia cha rangi ya fedha chenye umbo la samaki mwembamba. Kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana ni cha lazima ukivua karibu na midomo ya mito kama Malagarasi, kwa sababu huko wapo samaki wenye meno ya kukata mshipi kama wembe. Huko pia wapo mamba na viboko, basi usishuke majini kuitoa ndoana iliyonasa. Ukiona taa za wavuvi bado zinawaka, kaa mbali na nyavu zao, na usisogee bila kupiga hodi.

Sangala akimeza chambo, hukimbilia chini kwenye mawe. Hapo wengi hukosea: hukaza breki ya gurudumu la mshipi mpaka mwisho, na mshipi hukatika. Ilegeze breki kiasi, mwambie nahodha aielekeze boti kwenye maji ya wazi, umwache samaki achoke, kisha umpokee kwa wavu wenye mpini.

Kama unakusudia kumrudisha majini, usimvue kwenye kina kirefu. Samaki aliyevutwa kwa haraka kutoka chini hufutuka kifuko chake cha hewa, hushindwa kuzama tena, na kumwachia huwa ni kumtupa. Vivyo hivyo, mwache kuhe, samaki mwingine wa ziwa hili, unapomwona katika maji mafupi na vifaranga vyake, kwani wazazi wote wawili hulinda, na ukimtoa mmoja umeviangamiza vyote.

Kabla ya yote hayo, pata leseni kwa afisa uvuvi, umuulize na tarehe za kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Majira hayo, kwa bahati, ndiyo pia ya upepo mkali wa kusini unaoinua mawimbi makubwa. Usitupe mshipi katika maji ya Hifadhi ya Gombe au Mahale bila idhini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kila aliye chomboni avae jaketi okozi, hata anayejisifu kwa kuogelea, na nahodha awe mwenyeji.

Chukua barafu ya kutosha tangu mjini. Samaki utakayekula mtoe matumbo na matamvua papo hapo, umfunike na barafu kabla jua halijawa kali, maana sangala mnono huharibika upesi.