Salmonella kwenye nyama ya kuku: kupima kwa PCR bila kudanganywa na jibu hasi

Salmonella ni bakteria wanaosababisha ugonjwa wa tumbo. PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA yao mara nyingi hadi kionekane.

1. Sampuli. Iwe ni kuku wa soko la Kibuye, Kisumu, au wa bucha ya Nakuru, chukua na ngozi ya shingo. Mnofu mtupu hubeba bakteria wachache. Safirisha kwenye kasha la barafu, nyama isigande.

2. Kukuza. Gramu 25 za nyama katika mililita 225 za mchuzi wa peptoni wenye bafa (maji ya virutubisho ya kuoteshea bakteria), nyuzi 37, saa 18. Usiiruke hatua hii. PCR husoma DNA ya bakteria waliokufa sawa na ya walio hai. Ukuzaji ndio unaowafanya walio hai wawe wengi zaidi.

3. Kutoa DNA. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mafuta, damu na protini za nyama huzuia kimeng'enya cha PCR, nawe unaandika "hakuna Salmonella" kumbe wamejaa.

Vuta mchuzi katikati ya mfuko uliokuzia: juu kuna mafuta, chini vipande vya nyama. Zungusha mililita 1 kwenye sentrifuji polepole, 100 g kwa dakika 2, ili mabaki yatue. Hamisha maji ya juu kwenye kichupa kipya, zungusha 10,000 g dakika 5, umwage maji, ubaki na masimbi (bakteria waliotua chini). Hiyo ni g (nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia), si mizunguko kwa dakika. Rota ndogo na kubwa hazilingani. Osha masimbi mara mbili kwa maji ya chumvi ya 0.85%, kisha uyavuruge katika mikrolita 200 za maji safi. Usitumie bafa yenye EDTA nyingi, maana hunyakua magnesiamu ambayo kimeng'enya hutegemea.

Chemsha dakika 10 kwa nyuzi 95 au zaidi, vifuniko vikiwa vimebanwa. Tumia kipasha joto cha vichupa, si sufuria: Nakuru, kwa mwinuko wake, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Ukilazimika kutumia sufuria, ongeza dakika 5. Poza kwenye barafu, zungusha tena 12,000 g dakika 5, uchukue mikrolita 100 za juu tu. Pima DNA hiyo ikiwa nzima na pia ikiwa imezimuliwa 1 kwa 10. Mara nyingi iliyozimuliwa ndiyo inayotoa jibu.

Kwa kuku wa mayai waliozeeka, wenye mafuta mengi, ningenunua seti (kit) ya safu za kuchujia DNA.

4. PCR. Lenga jeni *invA* ya Salmonella, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) 139 na 141. Kwa mikrolita 25: mchanganyiko tayari (wenye kimeng'enya) 12.5, kila praima (mikromola 10) 0.5, albumini ya ng'ombe (miligramu 20 kwa mililita) 0.5, DNA 2, maji 9. Nyuzi 95 dakika 5. Kisha mara 35: 95, 60 na 72, sekunde 30 kila moja. Mwisho 72 dakika 5.

Weka kidhibiti chanya (chenye DNA ya Salmonella), kidhibiti hasi (kisicho na DNA), na kwa kila sampuli kichupa cha ziada ambamo mikrolita 1 ya maji imebadilishwa na DNA ya Salmonella. DNA hiyo izimuliwe hadi ikaribie kutoonekana. Ikiwa kali itashinda vizuizi na kuvificha. Kichupa hicho kisipotoa mstari kwenye jeli ya hatua ya 5, jibu hasi la sampuli hiyo halifai: zimua zaidi, rudia.

5. Jeli. Agarosi 1.5%. Mstari uwe kwenye jozi za besi 284. Fungulia vichupa chumba kingine, mbali na pale unapochanganyia.

Mchuzi wa hatua ya 2 usiutupe. Uweke kwenye friji hadi majibu yatoke, kwa kuwa sampuli chanya itapitia mchuzi wa Rappaport (unaopendelea Salmonella), nyuzi 41.5 kwa saa 24, kisha sahani ya XLD (jeli ya kuoteshea bakteria). Huko utafute makoloni mekundu yenye kiini cheusi.