Siku ya kufungua mwamba wa pweza: namna ya kupima bila kujidanganya

Mwamba wa pweza ukifunguliwa baada ya kufungwa kwa uvuvi miezi mitatu, diko (mahali wavuvi wanaposhushia mzigo) hufurika. Ndoo zinajaa, mizani haipumziki, na jioni kamati inatangaza kilo ambazo kijiji hakijaziona mwaka mzima. Kilo hizo ni za kweli, lakini peke yake hazithibitishi kitu. Mwamba uliozoea kuchokolewa (kuvuliwa pweza kwa mchokoo, fimbo ya kumtoa tunduni) na watu 20, siku hiyo umeingiwa na watu 150, wengine kutoka shehia za jirani.

Mwongozo huu ni kwa kamati za wavuvi, BMU (vikundi vya kijiji vya kusimamia uvuvi na ufukwe) na wanafunzi wanaofanya utafiti wa usimamizi wa pwani. Maswali ni mawili: je, kufunga kumeongeza pweza, na je, sheria iliyowekwa inafuatwa na nani?

Kwa nini pweza

Pweza wa mwambani (Octopus cyanea) huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hukua upesi sana. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai tunduni, kisha hufa. Ndiyo maana miezi miwili au mitatu ya kufunga inatosha kuonekana kwenye mizani, jambo ambalo kwa changu au chewa lingechukua miaka. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga kwa muda mwaka 2004, na utaratibu huo umefika pia Pemba na kwingineko kwenye pwani yetu.

Kuna mpaka wa kujua mapema. Watoto wa pweza wakianguliwa huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Kwa hiyo ongezeko unalolipima siku ya kufungua ni la pweza waliokuwapo na kunenepa. Usiandike kwenye ripoti kwamba mwamba umezalisha pweza wapya. Hilo vipimo hivi havilionyeshi.

Kabla ya kufunga

Mtafiti kutoka nje aanze na kibali cha tume ya sayansi na teknolojia ya nchi: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya. Zanzibar ina utaratibu wake, uulizwe mapema. Kibali hakimwondolei mtu wajibu wa kukaa na sheha au mwenyekiti wa kijiji, kisha na wachokoaji wenyewe. Wanawake wakutanishwe peke yao. Kwenye mkutano wa pamoja wazamiaji ndio huongea, na mara nyingi mwamba unaopendekezwa kufungwa ni ule wa karibu, unaofikika kwa miguu maji yakipwa. Huo ndio wa akina mama. Mzamiaji mwenye ngalawa atahamia kwingine. Mama mwenye mchokoo hana kwa kwenda.

Kisha chagua mwamba wa kulinganisha, ambao hautafungwa: kina kinachokaribiana, umbali unaokaribiana na kijiji, na wavuvi wa aina ileile. Usiwe umepakana na uliofungwa, kwa sababu waliofungiwa watahamia hapo na kuumaliza, na ulinganisho wako utaonyesha faida ambayo haipo.

Pima miamba yote miwili kwa bamvua tatu (vipindi vya maji kujaa na kupwa sana) kabla ya kufunga, siku nne kila bamvua. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ziache. Bamvua ilinganishwe na bamvua, na kama inawezekana, msimu wa upepo wa kusi na wa kusi. Anayepima kabla wakati wa kusi na baada wakati wa kaskazi amepima upepo.

Mizani na daftari

Mizani ya kuning'iniza ya kilo 10, inayosoma gramu 20 au chini ya hapo, inatosha. Kila asubuhi ikague kwa chupa ya maji ya lita moja: maji ni kilo 1, ongeza uzito wa chupa tupu. Ikipotea zaidi ya gramu 40, irekebishe au ibadilishe. Ondoa uzito wa ndoo au wavu kabla ya kuandika.

Makosa mengi hutokea hapa. Pweza mwenye maji kichwani, pweza aliyetolewa matumbo na pweza aliyekwisha kupigwa ni uzito tofauti kabisa. Chagueni hali moja, mzima na aliyechuruzishwa maji, na msiibadilishe hadi mwisho. Aliyefika akiwa ametolewa matumbo aandikwe kwenye safu yake, asichanganywe.

Kwa kila mvuvi andika: mwamba alioingia, saa aliyoingia na aliyotoka, kifaa (mchokoo kwa miguu au kuzamia), idadi ya pweza, uzito wa kila mmoja, na bei aliyouza kwa kilo. Jina halina kazi; namba inatosha. Watu wakiwa wengi usijaribu kupima wote: chukua kila mvuvi wa tano anayetoka majini, awe na mzigo au awe mtupu. Waliotoka mikono mitupu ndio husahaulika, na bila wao wastani hupanda bure.

Dume hutambulika kwa mnyiri wa tatu wa upande wa kulia: ncha yake haina vikombe vya kunasia. Pia hesabu waliopungua gramu 500, kipimo ambacho kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kushuka chini yake.

Hesabu yenyewe

Kipimo ni kilo kwa mtu kwa saa. Tuseme kabla ya kufunga watu 20 walikaa mwambani saa 3 kila mmoja, wakapata kilo 72. Ni saa 60, yaani kilo 1.2 kwa saa. Siku ya kufungua watu 150 walikaa saa 4, wakapata kilo 1,020. Ni saa 600, yaani kilo 1.7. Mzigo wa diko umeongezeka mara 14; tija ya mtu haijafika hata mara moja na nusu.

Bado hujamaliza. Kama mwamba wa kulinganisha nao umepanda kutoka 1.1 hadi 1.3 kipindi hichohicho, kilo 0.2 ni za msimu. Kinachoweza kuhusishwa na kufunga ni 0.5 (1.7 ukitoa 1.2) ukitoa 0.2, yaani kilo 0.3 kwa saa. Fanya hesabu hii kando kwa waendao kwa miguu na kando kwa wazamiaji, kisha irudie siku ya pili, ya tatu na ya nne. Tija ikishuka chini ya ile ya kabla ya kufunga kufikia siku ya nne, faida yote imeliwa kwa mara moja, na mjadala unaofuata ni wa idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia, wala si wa kurefusha miezi ya kufunga.

Angalia na safu ya bei. Mzigo ukija wote siku moja, tajiri anayenunua pweza hushusha bei, na kilo zilizoongezeka huishia mfukoni mwake. Bei na barafu vikubaliwe kabla ya siku yenyewe.

Nani aliingia usiku?

Ukimuuliza mtu kama aliwahi kuchokoa mwamba ukiwa umefungwa, atakwambia hapana. Angejibu nini, mbele ya mgeni mwenye kalamu? Tumia mfuko wenye vizibo sita vya soda vilivyoandikwa 1 hadi 6. (Dadu ingefanya kazi hiyohiyo, ila kuna wazee watakaoiona ni kamari.) Mhojiwa achomoe kimoja, akitazame peke yake, akirudishe. Akipata 1, ajibu "ndiyo" hata iweje. Akipata 6, ajibu "hapana". Kuanzia 2 hadi 5, aseme kweli. Wewe hujui alichochomoa, kwa hiyo "ndiyo" yake haimfungi.

Kwenye hesabu, chukua sehemu ya waliosema ndiyo, toa 0.167 (moja ya sita, waliopata 1), zidisha kwa 1.5 (sita kwa nne, kwa kuwa vizibo vinne tu katika sita ndivyo vya kusema kweli). Watu 60, ndiyo 19: ni 0.317, ukitoa inabaki 0.15, ukizidisha ni 0.225. Karibu watu 23 katika 100. Lakini kwa watu 60 jibu hilo linaweza kuyumba pointi 18 kila upande. Ukihoji 200 linayumba takriban 10. Wajaribishe kwanza kwa swali lisilo na aibu, kama vile nani alikula pweza jana, hadi waelewe mchezo.

Baada ya hapo fungua daftari la kamati: doria zilifanyika usiku upi, nani alikamatwa, faini kiasi gani, risiti iko wapi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa rasilimali za pamoja hudumu pale adhabu inapoanza ndogo na kupanda, na walinzi wanapowajibika kwa watumiaji. Kwenye daftari hilo huonekana hivi: faini za wageni zimelipwa zote, za ndugu wa wajumbe zimeandikwa "amesamehewa". Hesabu misamaha hiyo na uipeleke kwenye mkutano pamoja na kilo, ndani ya wiki mbili baada ya kufungua, kabla ya tarehe ya kufunga tena kupangwa.